Miaka minne na injini ya V ya digrii 90: uzoefu wangu, pamoja na pembe nyingine nilizopanda

Hii pikipiki niko nayo mwaka wa nne sasa, imetembea kilomita 41,000 na kitu, injini yake ni V ya digrii 90, yani silinda mbili zimeachana kama herufi V kwa pembe ya digrii 90, cc 650, inapozwa kwa maji. Nikisimama mahali popote mtu ananiuliza ina hospawa ngapi, mwingine anauliza inakimbia ngapi, lakini mpaka leo hajatokea hata mmoja wa kuniuliza silinda zimekaa kwa pembe gani. Na kwa nilivyoona mimi hiyo pembe ndo inaamua mambo utakayoishi nayo kila siku, yani kama mikono itakufa ganzi, kama paja litaungua kwenye foleni, kama pikipiki itaingia kwenye kona kirahisi au itabidi uisukume, na kama kubadilisha plagi ni kazi ya dakika 20 au ya nusu siku. Hospawa zinakuja baadaye kabisa.

Nianzie nyuma kidogo ili mnielewe nalinganisha na nini. Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa ya silinda moja iliyolala, ule mpangilio wa Honda Super Cub, iliyotoka 1958 na kufikia 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100. Silinda imelala karibu kabisa, kichwa kinaangalia tairi la mbele, na kwa kuwa imelala juu panabaki wazi, unapitisha mguu pale katikati bila kuurusha, alafu uzito wa injini uko chini kabisa ndo maana hata mtu mwepesi anaisimamisha bila shida. Nilijifunzia kwenye hiyo na bado naiheshimu. Ila mpangilio huo una mwisho wake, injini ikiwa kubwa silinda inakuwa ndefu, ukiilaza inaenda kugonga tairi la mbele, kwa hiyo inabidi uisimamishe au uigawe iwe silinda mbili, na ukishafika kwenye mbili ndo swali la pembe linaanza rasmi.

Ya pili nilinunua krusa, ile pikipiki ndefu ya siti ya chini, ya V ya digrii 45. Pembe hii waliojulikana nayo dunia nzima ni Harley-Davidson, V yao ya kwanza ilitoka 1909 na hadi leo zile krusa zao kubwa bado ziko kwenye digrii 45, lakini yangu haikuwa ya kwao, ni ya kampuni nyingine sitaitaja. Niliipenda kwa sauti. Konrodi zote mbili (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini) zinashika pini moja ya kranki, pembe ni nyembamba, kwa hiyo silinda moja ikilipuka nyingine inafuata kranki ikishazunguka digrii 315, alafu unasubiri digrii 405 ndo mzunguko uanze tena. Yani milipuko miwili iko karibu karibu alafu kimya kidogo, ile kudunda kama moyo wa mtu aliyetoka kukimbia inatokea hapo hapo, ekzosi inaongeza tu.

Na pembe hiyo ina faida nyingine, injini inakuwa fupi kwa urefu, inakaa vizuri kwenye fremu chini ya tenki, wabunifu wanapata uhuru wa kushusha siti na kuchora pikipiki inayoeleweka kwa macho. Hasara, katikati ya zile silinda hakuna nafasi, kabureta inabanwa pale na eya klina inatokeza pembeni inakutana na goti la kulia. Lakini kilichonishinda sio goti, ni mtetemo. Nikiwa barabara kuu zaidi ya saa moja vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, saiti mira unaona rangi tu huoni gari ni gani, na mara mbili nati za kushikia indiketa zililegea njiani. Nilikaa nayo miezi 14 nikaiuza, na niliiuza kwa uchungu kwa sababu ile sauti mpaka leo naikumbuka.

Sasa kwa nini 45 inatetemeka na 90 haitetemeki, hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndo penye utamu wenyewe. Pistoni ikifika mwisho wa safari yake juu inasimama nukta moja alafu inageuka kurudi, na pale inapogeuka ndo inaivuta injini kwa nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote. Ili kuituliza wanaweka uzito kwenye kranki upande wa pili wa pini. Shida ni kwamba ule uzito unazunguka, pistoni haizunguki, inapanda na kushuka tu. Pistoni ikiwa juu uzito uko chini, zinavutana, safi. Kranki ikienda robo mzunguko pistoni iko katikati ya safari, haivuti karibu kitu, ila uzito umeelekea pembeni na hauna wa kushindana naye, basi unatikisa pikipiki kwenda mbele na nyuma. Kwenye silinda moja unachagua tu utikisike juu-chini au mbele-nyuma, na wengi wanagawanya nusu kwa nusu.

Weka silinda ya pili kwa digrii 90, konrodi ishike pini ileile. Pale pale uzito unapoelekea pembeni, pistoni ya pili nayo imefika mwisho wa safari yake ikivuta upande wa pili, uzito umepata mwenzake. Robo mzunguko baadaye ni zamu ya pistoni ya kwanza tena. Uzito mmoja unazituliza pistoni mbili kwa kupokezana na mtetemo mkubwa unaisha wote, kinabaki kile kidogo kinachokuja mara mbili kwa kila mzunguko, hicho unakisikia kama mnong'ono kwenye vigingi vya miguu ukipita mizunguko elfu saba kwa dakika. Hakuna balansa shafti (mhimili wa ziada wenye uzito wa kutuliza mtetemo), hakuna raba za kuning'inizia injini. Kwenye digrii 45 pistoni ya pili inafika mapema mno, uzito bado haujamaliza na ya kwanza, ndo maana Harley walianza kuning'iniza injini kwenye raba, na mwaka 2000 wakaleta ile Twin Cam 88B yenye balansa shafti mbili ndani.

Kuna kitu kingine nilikihisi mkononi kabla sijakijua kwa akili. Kwenye 90 pistoni moja inaposimama mwenzake ndo yuko kwenye mwendo mkali kuliko wote, kwa hiyo zinaazimana nguvu na kranki inazunguka kwa utulivu, haisukumwi na kukabwa kila nusu mzunguko. Ukifungua mafuta ukiwa umelala kwenye kona unahisi kile unachoomba na tairi la nyuma linachopokea ni kitu kimoja. Milipuko inapishana kwa digrii 270 alafu 450. Kwenye barabara yenye changarawe au iliyoloa naifungua mapema kuliko pikipiki yoyote niliyowahi kupanda, na hiyo ndo sababu namba moja sijaiuza.

Na nyembamba! Kranki ni fupi kwa kuwa konrodi mbili zinakaa pini moja bega kwa bega, injini yote ni nyembamba kama ya silinda moja, magoti yanabana tenki vizuri, na kugeuza kutoka kona ya kushoto kwenda ya kulia ni jambo la kuangalia tu unakotaka kwenda. Urefu wangu ni wa kawaida na miguu yote miwili inafika chini.

Haya, ubaya wake sasa, maana upo na sio mdogo.

Kwanza ni ndefu. V iliyofunguka digrii 90, silinda ya mbele inalala kuelekea tairi la mbele na ya nyuma inasimama karibu na siti, kwa hiyo inakula fremu yote. Ukitaka tairi la mbele lisigonge injini unairudisha injini nyuma, ukishairudisha nyuma uzito unapungua mbele, na uzito ukipungua mbele unapoteza ule uhakika wa kuingia kona. Ducati wamepambana na hili tangu Fabio Taglioni alipoichora V yao ya digrii 90 mwaka 1970, ile iliyotoka kama 750 GT, wenyewe wanaiita L kwa sababu silinda ya mbele karibu ilale kabisa. Angalia walichofanya kwenye Panigale 1199 ya 2012, pembe ni ileile 90 lakini injini nzima waliizungusha nyuma digrii 6 ili waisogeze mbele. Kwenye Panigale V4 ya 2018 wakaizungusha digrii 42. Unaona, kuna pembe kati ya silinda na silinda, alafu kuna pembe ya V nzima ndani ya fremu, ni vitu viwili tofauti na vyote unavihisi kwenye usukani. Honda kwenye VTR1000 ya 1997 mbele hapakuwa na nafasi ya rejeta wakaziweka ubavuni, kulia moja kushoto moja. Suzuki mwaka huohuo kwenye TL1000S nyuma kulibana mpaka wakatenganisha springi na shokapu, wakaweka shokapu ya kuzunguka. Yote hayo kwa ajili ya urefu wa V ya 90.

Pili, joto. Silinda ya nyuma iko chini ya paja na hewa haiifikii vizuri, injini kupozwa kwa maji inasaidia ila bomba la ekzosi la nyuma linapita palepale. Ukitembea husikii kitu, ukikaa kwenye foleni dakika kumi feni inawaka na paja la ndani linajua. Nimezoea kuvaa suruali nzito hata jua likiwa kali.

Tatu, sevisi. Kila kitu kiko mara mbili, silinda hedi mbili, cheni za kemshafti seti mbili, na hakuna sehemu moja unayosimama ukaziona zote. Plagi ya nyuma lazima uinue tenki na kuondoa boksi la hewa. Plagi ya mbele iko nyuma ya rejeta, spana ya kawaida haiingii, nilinunua ile fupi yenye kiungo cha kukunja. Kuangalia valvu kwa mara ya kwanza, kilomita 24,000, fundi alitumia siku nzima na sehemu kubwa ya siku hiyo ilikuwa kufungua vitu ili aione silinda ya nyuma. Kama fundi wako anakutoza kwa saa hilo lifikirie mapema.

Nne, na hii ilinipa homa. Mwaka wa pili nilipita kwenye mvua kubwa kama saa mbili mfululizo, ghafla pikipiki ikapoteza nguvu nusu, inakohoa, inavuta kama silinda moja. Nikadhani ni mafuta yameingia maji. Kumbe silinda ya mbele kwa kuwa imelala, shimo la plagi linaangalia tairi, maji na matope yanarushwa moja kwa moja pale. Kuna kitundu kidogo cha kutolea maji, kitundu kilikuwa kimezibwa na tope kavu, shimo likajaa maji na plagi ikazama. Nilichokonoa na waya maji yakatoka, nikafuta kofia ya plagi, ikawaka silinda zote mbili. Tangu hapo nimeongeza kipande cha madgadi ya mbele kishuke chini zaidi, na kila nikiosha napitisha waya kwenye kile kitundu. Haijarudia. Mwenye V ya aina hii naomba afanye hivo leo, asisubiri mvua.

Sasa kuna watu watasema basi pembe ndogo zote ni mbovu, hapana, na hapa ndo wengi wanakosea. Pembe ni nusu ya hesabu, nusu nyingine ni kranki. Unaweza kuwa na V nyembamba ukaituliza kama 90 kwa kuigawa pini ya kranki iwe mbili zilizopishana. Hesabu yake ni rahisi, chukua 180 toa pembe ya V mara mbili, jibu ndo kiasi cha kupishanisha pini. V ya 52, mara mbili ni 104, toa kwenye 180 unapata 76, na Honda walifanya hivohivo kwenye VT500 na baadaye kwenye Africa Twin za mwanzo, V ya digrii 52 na pini zilizopishana digrii 76. Injini fupi inayoingia kwenye pikipiki ya porini na mtetemo mkubwa umekwisha. Ukiingiza 90 kwenye hesabu hiyo jibu linakuja sifuri, yani pini moja inatosha, na mimi siku nilipoifanya kwa karatasi nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Wengine wakachagua pembe ya katikati na kumalizia na balansa shafti. KTM wamekaa kwenye 75 tangu ile 950 Adventure ya 2003. Aprilia RSV Mille ya 1998 ilikuwa 60 na balansa shafti zake, alafu RSV4 wakaenda V ya silinda nne kwa digrii 65 ili injini iwe fupi. Harley nao kwenye Pan America wameacha 45 wakaja 60, na pini zimepishana digrii 30 kwa hiyo milipuko inakuja kama ya V ya 90. Hata Honda RC211V, ile ya silinda tano ambayo Valentino Rossi alichukulia ubingwa wa MotoGP, mashindano makubwa ya dunia ya pikipiki, 2002, pembe yake ilikuwa digrii 75.5, ile nusu digrii imetokana na hesabu ya kutuliza pistoni tano.

Rafiki yangu ana ile ya silinda mbili zilizosimama sambamba, kranki ya digrii 270, tulibadilishana wiki nzima. Hii mbinu Yamaha waliitumia kwenye TRX850 ya 1995 na sasa imeenea kila mahali, MT-07 yao wenyewe, Africa Twin mpya ya Honda tangu 2016, V-Strom 800DE ya Suzuki. Pini zinapishanishwa ili milipuko ije 270 na 450, sawasawa na yangu. Nikifumba macho sauti inakaribiana sana. Ina silinda hedi moja, plagi zote ziko mstari mmoja, injini ni fupi kwa hiyo betri na boksi la hewa vinapata nafasi, na mbele ina uzito wa kutosha, kona za polepole inaingia vizuri kuliko yangu, nakiri. Lakini pistoni zimekaa bega kwa bega zinavuta kwa kupokezana huku na huku, inabidi balansa shafti izitulize, na kwenye mizunguko ya juu nilisikia mtekenyo kwenye handeli ambao yangu haina. Pia ni pana zaidi kati ya magoti. Kwa mtu anayetaka sevisi nyepesi ningemwambia achukue hiyo bila kufikiri mara mbili.

Zile ambazo kranki imelala kwa urefu wa pikipiki nimezipanda siku moja moja tu kwa hiyo siwezi kusema sana. Moto Guzzi ni V ya 90 vilevile ila imegeuzwa, silinda zinatokeza kulia na kushoto, tangu V7 ya 1967, na hapo joto sio tatizo kabisa maana silinda zote mbili zinakula upepo. Ukiwa umesimama ukapiga resi pikipiki nzima inataka kulala upande mmoja, kwa sababu kranki inazungukia upande wa pili na injini inasukumwa kinyume chake. Ukishatembea unasahau. Boksa ya BMW, silinda mbili zimelala kila moja upande wake, digrii 180, mpangilio uliopo tangu R32 ya 1923, pistoni zinaenda nje pamoja na kurudi pamoja zinafutana zenyewe, na uzito uko chini mpaka unashangaa pikipiki kubwa vile inageuka kama baiskeli, ila zile silinda zinazotokeza pembeni nilikuwa naziwaza kila nikipita katikati ya magari.

Na kwa wenye silinda nne za mstari msidhani haiwahusu. Yamaha FZ750 ya 1985 waliziinamisha silinda mbele digrii 45, hewa ikapata njia iliyonyooka kushuka kwenye valvu na uzito ukasogea mbele na chini. BMW K1200S wakainamisha 55. Hapo hakuna V yoyote, ni kuinama tu, na bado tabia ya pikipiki inabadilika.

Yangu kwa sasa nimeweka matairi mapya, shokapu za mbele nimezipandisha milimita 6 kwenye klampu ili uzito uende mbele kidogo, na ule uvivu wa kuingia kona za polepole umepungua kwa kiasi nilichokitaka, ila usiende zaidi ya hapo maana nilijaribu milimita 10 ikaanza kuyumba kwenye mwendo mkali nikairudisha. Ulaji wa mafuta haujabadilika, oili haipungui kati ya sevisi na sevisi. Kilomita 48,000 ndo zamu ya valvu tena, safari hii nitamwambia fundi aanze na silinda ya nyuma asubuhi kabla hajachoka, ya mbele tutamalizia jioni.